Injini Ilipata Nyumba

Miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, Polikarp wa mtaa wa Mazwi alinunua injini mnadani. Akaijengea kibanda cha matofali ya kuchoma, akaezeka bati jipya, akatia mlango na kufuli. Hiyo ndiyo ikawa mashine yake ya kusaga. Watu walileta mahindi kwa baiskeli, wengine kutoka Kasense. Mkewe, Otilia, alipima madebe. Polikarp mwenyewe aliipangusa injini yake kama mtu anayemwogesha mtoto.

Polikarp alikuwa pia balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako, unamwambia balozi. Mgambo wakikuuliza wewe ni wa wapi, unamtaja balozi wako. Bila balozi, hapo mjini hujulikani.

Mwezi wa sita baridi ya Ufipa iliposhika, mwanamke mmoja alianza kulala kwenye baraza la mashine na binti yake mdogo. Alikuja jua likizama. Alitandika gunia kando ya ukuta, upande ule ule injini ilikofungwa. Ukuta ule ulibaki na joto hata mashine ikizimwa.

Wateja wakaanza utani. Walisema balozi siku hizi ana nyumba kumi na baraza. Polikarp hakucheka. Akaanza kumwaga maji, ndoo nzima, kila jioni akifunga mashine. Yule mwanamke hakugomba. Aliyafagia maji, akasimama na mtoto mgongoni mpaka sakafu ikauke kidogo, ndipo akaketi. Mtoto alikohoa.

Hebu fikiri. Mtu mwenye nyumba analowesha mahali atakapolala mtoto, kwenye baridi ile, halafu anaingia ndani kuota moto. Na mtaa mzima uliona ni usafi.

Maji hayakumfukuza mwanamke. Polikarp akaenda kwa mgambo. Siku hizo walikuwa wakizunguka mjini kukamata watu waliowaita wazururaji. Asiye na nyumba wala kazi alipakiwa kwenye lori, akaenda kutupwa nje ya mji. Mgambo wakaahidi kuja asubuhi yake.

Katika nyumba ya Polikarp alipanga chumba dada mmoja wa Mbeya, Herieth, bibi maendeleo wa serikali. Jioni hiyo alirudi kazini akamkuta mwenye nyumba wake ameshika ndoo.

"Shikamoo, balozi. Unamwagilia nini hapo, mchicha?"

"Marahaba. Naondoa uchafu."

"Huo uchafu una jina?"

Polikarp hakujua. Siku zote hizo hakuwa ameuliza. Akasema yale yaliyosemwa na kila mtu: kwamba watu wa namna hiyo ni wavivu, ni walevi, wamekosana na ndugu zao. Kama sivyo, kwa nini hawarudi kwao?

"Muulize mwenyewe," Herieth akasema. "Yuko hapa, na masikio anayo."

Mwanamke akaamkia, akasema anaitwa Stefania, na binti yake ni Brightness. Mumewe, Jafeti, alikuwa fundi wa mashine kwenye shirika moja la umma, nao walikaa katika nyumba za wafanyakazi. Shirika likauzwa. Wakaambiwa watoke, na mnunuzi akatia kufuli. Wakapanga chumba mpaka akiba ikaisha, wakatolewa humo pia. Jafeti akateremka Kasanga, bandarini ziwani, kutafuta kibarua cha kupakia maboti. Aliahidi kurudi kuwachukua. Wakiondoka mjini, atawatafuta wapi?

"Mabaraza yako mengi," Polikarp akasema. "Kwa nini langu?"

Stefania akaweka kiganja ukutani. "Hii injini ni ile ya shirika. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaishika. Tulikuwa tunalala tukiisikia. Nilijua ukuta wake utakuwa na joto."

Otilia, aliyekuwa mlangoni, akaliweka debe chini.

"Umesikia, balozi?" Herieth alisema. "Siku ile ya kuuza walihesabu injini, wakahesabu mabati, wakahesabu hata milango. Watu waliokuwa wanalala humo hawakuhesabiwa na yeyote. Injini ikapata nyumba na kufuli. Fundi wake anabeba magunia Kasanga, na mkewe anamwagiwa maji. Sasa nionyeshe mvivu."



"Kukosa nyumba si tabia ya mtu," Herieth akaendelea. "Kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka. Mwingine ni ugonjwa. Mwingine mume amekufa na ndugu wamemtoa. Mimi mwenyewe nalala kwako kwa sababu ya mshahara. Wakitupunguza kazini, nitakuja hapo barazani, nawe utakuja na ndoo yako."

Polikarp akanung'unika kwamba yeye ni balozi wa nyumba kumi, na mama huyu hana hata moja katika hizo.

"Analala ndani ya mpaka wako. Asiye na nyumba ndiye anayehitaji balozi kuliko wote."

"Mlete huyo mtoto ndani," Otilia akamwambia Stefania. "Mengine mtabishana baadaye."

Hapo Polikarp akalazimika kusema kwamba mgambo wanakuja asubuhi. Stefania akaanza kukunja gunia lake. Otilia akamnyang'anya.

Asubuhi lori likasimama mbele ya mashine. Foleni ilikuwa ndefu. Mgambo mmoja akashuka, akauliza mzururaji yuko wapi.

"Hapa hakuna mzururaji," Polikarp akasema.

"Balozi, si wewe uliyetuita?"

Foleni ikacheka. 

"Niliwaita kwa ujinga wangu. Huyu anaitwa Stefania. Ni mtu wangu."

"Wa nyumba ipi?"

"Yangu."

Mgambo akamtazama, akapanda lori. Nyuma walikaa watu waliozolewa sokoni. Mzee mmoja kati yao aliinyooshea foleni shingo, labda ataona anayemjua. Hakuna aliyesema huyo ni wangu. Lori likaondoka naye.

Siku hiyo hiyo Otilia na Stefania walimpeleka Brightness hospitali. Kifua kilikuwa kimeshaanza kubana, akatibiwa, akapona. Herieth akawaita wenye zile nyumba kumi wakae washauriane. Otilia akapika pombe ya ulezi ya kuita watu kazini, majirani wakafyatua matofali, wakamjengea Stefania chumba nyuma ya kibanda kabla mvua hazijaanza. Jafeti alipopanda kutoka Kasanga aliifuata sauti ya injini, akamkuta mkewe. Sasa anaishika tena, kwa mshahara.

Polikarp hamwagi maji tena. Akiona mtu barazani, anamuuliza jina kwanza, anamuuliza kilichompata, kisha anaita majirani.

Na katika kila mkutano wa mtaa anasimama kuuliza jambo moja: zile nyumba za shirika zimefungwa kufuli, ndani wanalala panya, watu waliokuwa wanakaa humo walale wapi? Mara ya kwanza aliambiwa jambo hilo halimo kwenye ajenda. Mara ya pili akaambiwa hivyo hivyo. Kufuli bado lipo. Mkutano uliopita walisimama watu kumi na mmoja kuuliza hilo hilo.