Soksi Nyekundu za Kituo cha Mir

— Asante kwa soksi, Klava wangu! Zimenikaa utadhani ulinipima usingizini.

Klavdia akaganda mbele ya kipaza sauti. Kwenye chombo cha mizigo yeye alimtumia mumewe kitunguu saumu cha siki na picha ya paka, basi.

Ilikuwa Jumapili, siku ya wake kuongea na waume zao walioko Mir, kituo kile cha angani kilichojengwa chumba baada ya chumba huku watu wakiishi ndani. Ukumbi mzima wa mawasiliano ulikuwa unasikia. Hata mimi mpika chai niliweka birika chini polepole, nisije nikakosa neno.

— Soksi gani, Rodya?

— Hizi! — Rodion akainua mguu mwekundu ukajaa kioo kizima cha runinga.

— Sijatuma soksi mimi.

Vichwa vikageuka. Taisia peke yake, yule mwenye sauti ya asali anayeongea na kituo kila siku, alikuwa mwekundu kuliko soksi zenyewe. Klavdia akamwona.

— Na hicho chumba kipya mnachosubiri kije kuunganishwa, kikichelewa utaongeza muda?

— Wameniomba. Nikasema nimuulize mke wangu kwanza.

— Ongeza tu! Wa kukuvisha unaye.

Mir ikapita upande wa pili wa dunia, picha ikakatika. Hata kununiana huko kuna ratiba.

Jioni, kama Taisia alivyonisimulia baadaye, simu yake ikalia.

— Mimi mwenye mume.

— Klavdia Yegorovna, nisikilize…

— Nimekusikiliza miezi mitano! “Umelala vizuri? Umekula?” Mimi robo saa ya Jumapili, wewe kila siku! Mguu wake umeupimia wapi?

— Sikupima. Alisema unamuuma. Juu.

— Mguu unauma juu? Mimi mtoto wa kudanganywa?

Akambamizia simu.

Jumapili iliyofuata Klavdia aliingia na rangi ya mdomo na uso wa vita.

— Rodya, vua soksi.

— Klava, watu wanatazama…

— Vua!

Akavua. Nyayo zilikuwa laini kama za kichanga, lakini juu ya mguu ngozi imechubuka, imevimba. Kule hakuna anayekanyaga chini. Kutwa wanapachika miguu kwenye vyuma ili wasielee. Na soksi zile zilifumwa nene upande wa juu.

— Miezi mitano! Mbona hukuniambia?

— Hukuuliza, Klava. Kila Jumapili unaniuliza nani yuko zamu. Yeye aliniuliza ninaumwa wapi.

Klavdia akamgeukia Taisia. Nikasogeza birika mbali, maji ya moto hayana mwenyewe.

— Unampenda?

— Kidogo, — Taisia akanong'ona. — Lakini yeye hajui.

— Sasa anajua. Kipaza kiko wazi.

— Mimi sijasikia kitu! — Rodion akadakia.

— Mimi nimesikia! — kamanda wake akacheka nyuma yake.

Klavdia alijitahidi kununa, mdomo ukamsaliti.

— Rodya, kaa ukipokee hicho chumba. Lakini hizo soksi mpe kamanda. Zangu zinakuja. Na wewe, Taisia Lvovna, kesho njoo kwangu unifundishe kufuma hapo juu. Kisha omba zamu isiyo yake.

— Nimeshaomba, — Taisia akasema, machozi yakimlengalenga.

Chumba kipya kilipounganishwa, Rodion akarudi, amekonda, wanaume wawili wamemshika makwapa. Miguuni alikuwa na soksi za buluu, moja ndefu, moja fupi, mbaya hujawahi kuona.

Tukadhani Klavdia atamrukia shingoni. Akapiga magoti, akamshika miguu.

— Unaumwa wapi?

— Kila mahali, mke wangu, — Rodion akasema. — Isipokuwa hapo ulipopashika.