Pumzi Juu ya Tangi

Saa saba mchana, bati la karakana likiwaka kwa jua, fundi rangi aliona ukungu juu ya tangi la pikipiki ya mdogo wake. Ulikuwa duara dogo, kama mtu amekihemea kioo. Akaufuta kwa kitambaa. Ukarudi palepale, na safari hii aliuona ukitanuka na kunywea, ukitanuka na kunywea.

Alijifanya hakuona, maana alijua ulikotoka.

Kila fundi rangi ana mtindo wake wa kutafuta mafuta kwenye chuma kabla ya kupuliza rangi. Huyu wetu alizoea kukihemea: ukungu usiposhika sawasawa, pana mafuta, futa tena. Miaka ishirini amehemea matangi ya watu, na jioni yeye anarudi kwake kwa baiskeli isiyo na breki. Hilo alishalizoea. Alichoshindwa kukimeza ni siku ile mdogo wake, kitindamimba aliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu, alipoingia na pikipiki mpya, pana, ya kukaliwa kwa kunyoosha miguu, pamoja na boksi zima la vipuri: usukani mrefu uliopinda, ekzosi mbili za kung'aa, siti ya ngozi ya watu wawili.

"Kaka, iwe nyeusi tii, na mstari wa dhahabu pembeni," alisema. "Simwamini fundi mwingine."

Roho ilimuuma fundi mpaka mate yakawa machungu. Wala tusimpambe, kilikuwa kijicho, tena kile cha kukosesha usingizi. Akalipiga tangi msasa, akaliosha, akainama kulihemea, na pumzi ikatoka na maneno.

"Laiti ungekuwa wangu. Yeye afe, wewe ubaki kwangu."

Midomo yake ilikaribia kugusa chuma. Kisha akaona haya, akachukua bomba la kupulizia, akapaka. Tangu aanze ufundi hajawahi kutoa kazi safi kama ile.

Fundi vyuma, mwenzake wa karakana, ndiye aliyekuja kufunga ekzosi. Alisimama, akanusa.

"Umejipaka marashi leo?"

"Mimi na marashi wapi na wapi."

"Basi humu ndani mna mwanamke." Alitaka kutania, lakini sauti ilimtoka nyembamba. Harufu ya waridi lililochacha ilikuwa ikitoka kwenye tangi.

Mdogo mtu alipokuja kuijaribu, pikipiki ilikohoa ikanyamaza. Fundi rangi akapanda, ikawaka kwa mguso mmoja. Mara tatu ikawa hivyo. Mara ya nne, ekzosi ambayo wakati huo ilikuwa imepoa kabisa ilimchoma kijana mguu, ngozi ikabaki imenata kwenye chuma, na wakati fundi vyuma akikimbilia maji na mdogo mtu akiuma meno chini, fundi rangi alibaki ameduwaa kando ya tangi, kwa sababu ukungu ule ulikuwa ukihema karibu na mkono wake, na sauti nyororo ya kike, yenye joto, ikamwuliza sikioni kama bado anataka mdogo wake afe, naye akafungua mdomo aseme hapana, na hapana ikachelewa.

"Twende kwa bibi anayesomea watu," fundi vyuma alimnong'oneza. "Sasa hivi, kabla hajaipanda tena."

Bibi mganga alimsikiliza fundi rangi hadi mwisho bila kumtazama.

"Mjukuu wangu, huyo jini hukumwita kwa ubani. Umemlisha wivu, naye amekupenda. Kamwambie mdogo wako maneno yaleyale, macho kwa macho, neno kwa neno. Neno utakalobakiza ndilo atakalolishika na kulitimiza."

Siku ya pili alimkuta kijana uani, mguu umefungwa bendeji, akiipangusa pikipiki.

"Mdogo wangu, nilikuonea kijicho. Nililihemea tangi hili nikasema, laiti ungekuwa wangu."

Ukungu ukaanza kufifia. Kijana alimkodolea macho, kisha akacheka hadi machozi, akamkumbatia.

"Kaka, ndiyo hayo tu? Nani asiyeitamani hii? Jumapili utaendesha wewe, mimi nipunge upepo."

Kichwa cha kijana kilikuwa begani mwake, kama zamani alipokuwa akimbeba. Fundi aliyatafuta yale maneno mengine. Yalikuwepo, yamejaa kinywani. Ila angemwambiaje mtu anayemkumbatia? Na kweli tupu ni kwamba hata pale, roho yake iliona raha kupendwa hivyo huku ikiitamani ile pikipiki.

"Ndiyo hayo tu," alisema.

Kijana akapanda. Ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri. Akapunga mkono, akatoka langoni, na mlio mzito wa ekzosi mbili ukaenda ukipungua barabarani. Fundi alisimama akiusikiliza, akijiambia kwamba Jumapili atamalizia, wakiwa wawili, akiwa amejipanga.

Harufu ya waridi ikamjia shingoni.

"Yeye afe," ile sauti ikamalizia kwa upole, "wewe ubaki kwangu."

Kule barabarani mlio ukakatika.