Mitungi Arobaini na Sita ya Satgol

Saa moja na nusu asubuhi, tarehe 17 Oktoba 1957, karatasi kwenye ukuta wa nyumba ya mikutano ya Satgol ilikuwa na majina kumi na tisa. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu ibandikwe. Katika siku nane za mwisho halikuongezeka jina hata moja.

Mama Okbun aliiona karatasi hiyo kila alipokwenda kisimani. Hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu mistari. Alihesabu, akajitwika ndoo kichwani, akaenda zake.

Karatasi ilikuwa ya mchango wa shule. Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa imeahidi mwalimu mmoja na saruji. Sharti lilikuwa hili: kijiji kinunue mbao na vigae, na viwe vimefika kiwanjani kabla ya tarehe 30 Novemba. Vikikosekana, mwalimu angepelekwa kijiji kingine. Gharama ya mbao na vigae ilikuwa sawa na pishi mia moja na hamsini za mchele. Majina kumi na tisa yalikuwa yameahidi pishi sabini na nne.

Satgol ilikuwa na nyumba arobaini na sita.

Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili na nusu. Mto haukuwa na daraja. Watu walivuka kwa kukanyaga mawe. Mwezi wa Julai mto ulijaa ghafla, maji yakamfika Okbun kifuani. Alirudi nyumbani bila viatu na bila mfuko wa vitabu. Alikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo mama yake hakumruhusu kuvuka tena. Shule ya Satgol isipojengwa, masomo ya Okbun yalikuwa yamekwisha.

Asubuhi hiyo Mama Okbun alipofika nyumbani alimkuta mgeni barazani. Alikuwa Bi Chilgok, muuza sindano. Huyu mama wa miaka hamsini alizunguka vijiji thelathini na viwili na furushi lake kichwani: sindano, nyuzi, vitana na sabuni. Habari za kila kijiji alikuwa nazo. Baba Okbun, jina lake Bae Taegun, alikuwa amekaa chini akisokota kamba ya majani ya mpunga.

"Dada Chilgok, umeshakula?" Mama Okbun aliuliza.

"Nimekula kwa jirani, lakini tumbo langu halina kumbukumbu. Lete."

Mama Okbun aliweka bakuli la wali uliochanganywa na shayiri. Bi Chilgok alikula vijiko vitatu, kisha akamtazama Okbun, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Na huyu? Leo si siku ya shule?"

"Shule yetu iko ukutani," alisema Mama Okbun. "Tena imekwama."

"Nimeiona hiyo karatasi. Nani kaanza kuandika?"

"Mzee Inshik," alijibu Taegun. "Yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Ni lazima nyumba kuu ianze."

"Kaandika ngapi?"

"Pishi kumi."

"Kaka yako je?"

"Nane."

"Na wewe?"

"Sita."

Bi Chilgok aliweka kijiko chini. "Taegun, mwaka huu nimepita mashambani kwako. Usiniambie una sita."

Taegun aliendelea kusokota kamba. Masikio yake yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Anazo kumi na mbili," alisema mkewe. "Ziko nyuma ya mlango wa ghala. Nimezipima mwenyewe."

"Mama Okbun!"

"Mbona nisiseme? Zimejificha kama bibi harusi."

"Sasa nifanyeje?" Taegun aliuliza. "Kaka kaandika nane, mimi niandike kumi na mbili? Nimpite kaka yangu ukutani, watu wote wakisoma? Nimpite baba mkubwa Inshik? Nitakuwa nimewavua nguo."

"Naam," alisema Bi Chilgok. "Hilo la kwanza. La pili: wale walio chini kabisa kwenye karatasi wametoa ngapi?"

"Moja na nusu."

"Mwenye kibaba kimoja ataandikwa wapi? Chini ya hao, jina lake likining'inia kama mkia. Ni afadhali akae kimya, watu wafikiri amesahau. Karatasi yenu ina dari na ina shimo. Mwenye nacho haruhusiwi kupita dari, na asiye nacho anaogopa shimo. Majina ishirini na saba mnayoyangoja hayatakuja, hata mkingoja mpaka theluji iyeyuke."

 Kuku aliingia barazani, akafukuzwa.

"Vijiji vingine wanafanyaje?" Mama Okbun aliuliza.

"Nimeona vitatu vilivyofanya hivi. Mama wa nyumba anapima mchele wa kupika. Kabla hajautia chunguni, anatoa kijiko kimoja kwa kila mtu wa nyumba, anatia kwenye mtungi. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Ukikitoa kabla ya kupika, hakuna atakayejua kimepungua. Ukingoja baada ya kula, hakuna kitakachobaki."

Mama Okbun alicheka. "Kijiko! Kwa kijiko utajenga banda la kuku, dada, tena la kuku mmoja mgonjwa."

"Haya, tupige hesabu. Satgol ina watu wangapi?"

"Mia mbili na thelathini," alisema Taegun.

"Mara mbili kwa siku, vijiko mia nne na sitini. Hizo ni pishi mbili na nusu. Kila siku ya Mungu."

Taegun aliacha kusokota.

"Tumieni mitungi ya kuhifadhia kabichi," aliendelea Bi Chilgok. "Kila nyumba inayo, yote ya mfinyanzi mmoja, ukubwa mmoja. Sasa iko mitupu, na kabichi hamtii chumvi mpaka mwisho wa Novemba. Funikeni kwa kitambaa. Asiandikwe mtu. Asichungulie mtu. Tarehe 20 Novemba mnamwaga yote mahali pamoja, kwa wakati mmoja."

Taegun alihesabu kwa vidole. "Kuanzia kesho ni siku thelathini na nne. Pishi themanini na tano. Hazitoshi."

"Vijiko peke yake havitoshi," alikubali Bi Chilgok. "Lakini mtungi mmoja unaingia pishi nyingi, na haumwambii mtu kilichomo. Zilizopungua zitatoka nyuma ya milango ya maghala yenu. Au hazitatoka. Hapo ndipo mtajijua."

Likabaki jambo moja gumu. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Mzee Inshik. Nani angemwambia aibandue?

Mchana huo Taegun alivaa koti lake safi, akaenda nyumba kuu. Alipiga magoti mbele ya mzee, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Baba mkubwa, nimekuja kukiri kosa."

"Kosa gani?"

"Niliandika pishi sita. Ninazo kumi na mbili."

Mzee Inshik alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alitoa kiko mdomoni. "Kwa nini ulidanganya?"

"Kaka aliandika nane. Na nyumba kuu iliandika kumi. Sikuweza kuwapita."

Mzee alikung'uta majivu ya kiko chake. Taegun alitazama mkeka.

"Unajua mimi ninazo ngapi?" hatimaye mzee aliuliza. "Ninazo thelathini za kutoa. Niliandika kumi kwa sababu nilifikiri nikiandika thelathini, maskini wataona haya kuandika kidogo walicho nacho."

Taegun aliinua kichwa. Akaeleza habari ya mitungi, neno kwa neno kama alivyoisikia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Shauri hili umelipata kwa nani?"

"Kwa muuza sindano, baba mkubwa."

"Miaka hamsini nimesoma vitabu vya wazee wetu," alisema Mzee Inshik, "nimekuja kufundishwa na muuza sindano." Akachukua fimbo yake. Jioni hiyo aliibandua karatasi kwa mkono wake, watu kadhaa wakimwona, akaagiza kila nyumba iandae mtungi.

Tarehe 18 Oktoba mitungi ilianza. Wiki ya kwanza watu walitaniana. Watoto walihesabu vijiko kwa sauti jikoni. Wiki ya tatu utani ulikwisha, ikabaki kazi. Okbun alimuuliza mama yake kama mtungi wao umefika nusu.

"Sijui," alisema Mama Okbun. "Na wewe usiende kupima."

Kweli hakujua. Kijiko alitia yeye. Lakini mara mbili aliukuta mtungi mzito kuliko alivyouacha, na mara zote mbili mumewe alikuwa ametoka ghalani.

Tarehe 20 Novemba, saa nne asubuhi, mkeka mkubwa wa kuanikia mpunga ulitandikwa kiwanjani. Wanawake arobaini na sita waliuzunguka, kila mmoja na mtungi wake mbele ya magoti. Wa kwanza upande wa mashariki alikuwa mke wa Mzee Inshik. Pembeni yake, bila mtu kupanga, alikuwa mjane mfua nguo, ambaye mchele wake wote wa mwaka ulikuwa ujira wa siku tisa za kuvuna. Wanaume walisimama nyuma. Mzee Inshik alikaa kitini.

Bi Chilgok alikuwa amerudi siku hiyo kwa makusudi. "Fungueni," alisema. "Mwageni."

Mitungi yote iliinama pamoja.

Mchele ulilia kama mvua inayoshuka juu ya paa la majani. Kila mtu alitarajia sauti hiyo ikome upesi. Haikukoma. Iliendelea, na katikati ya mkeka lundo jeupe lilipanda, likateleza, likapanda tena. Lilifika magotini mwa wanawake. Waliokuwa mbele ilibidi wajisogeze nyuma.  Mtoto mmoja mchanga aliyekuwa akilia mgongoni mwa mamaye alinyamaza.

Mzee Inshik alisimama. Hakuna mtu Satgol aliyewahi kumwona akiinuka kitini kwa ajili ya wanawake.

Upimaji ulichukua saa mbili, mbele ya watu wote. Hesabu ya vijiko ilikuwa themanini na tano. Mahitaji yalikuwa mia moja na hamsini. Lundo lilikuwa na pishi mia moja na tisini na tatu.

Taegun aliomba lipimwe upya. Likapimwa. Lilikuwa mia moja na tisini na tatu.

"Zimetoka wapi?" Mama Okbun alinong'ona. Hajajibiwa mpaka leo, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Mbao na vigae vilifika kiwanjani tarehe 26 Novemba. Pishi zilizozidi zilinunua vioo vya madirisha na jiko la chuma la kuota moto. Wanaume walisimamisha kuta za udongo juu ya msingi wa saruji, wanawake na watoto wakapitisha vigae mkono kwa mkono mpaka juu. Paa lilikamilika siku mbili kabla ya theluji ya kwanza. Mwalimu alikuja mwishoni mwa Machi, na kitanda chake kikiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

Tarehe 1 Aprili 1958, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwalimu aliita jina la kumi na saba kati ya majina hamsini na mawili.

"Bae Okbun."

"Nipo," alijibu Okbun.