Meseji Kutoka kwa Mwenye Nyumba

"Siyo hao."

Meseji ilikuwa na maneno hayo tu. Mchumba wangu aliisoma, kisha akanigeuzia simu. Jina la mtumaji: Mwenye Nyumba.

"Mwenye nyumba ndiye nani?"

"Mke wangu."

"Marehemu?"

"Kwani nina mwingine?"

Tulikuwa sebuleni kwa huyo marehemu. Wageni wetu walikuwa ndiyo kwanza wametoka, watu wanaosaidia familia zilizokimbia mafuriko. Matope ya viatu vyao yalikuwa bado mabichi sakafuni.

Mchumba wangu ni fundi saa. Mkewe, kabla hajafa, alimshika mkono akamwapisha: "Siku ukitaka kuoa tena, nyumba hii itoe kwanza. Wape wanaosaidia watu, au wanaotunza mazingira, au wanaouguza wanyama. Chagua kwa moyo wako." Tangu amzike analala chumba cha nyuma ya duka lake, na mimi nangoja achague.

"Sasa meseji inatokaje kaburini?" nikamuuliza.

"Mimi nijuaje? Namba ni yake."

Nikachukua tambara, nikaanza kufuta matope.

Wiki iliyofuata akaja bwana mmoja mrefu, kucha zimejaa udongo. Yeye na wenzake wanapanda miti kwenye kingo za mto. Uani alitaka kuweka miche, ndani wakae vijana wa kuimwagilia.

"Mtaiuza?" nilimuuliza.

"Tukiiuza, dada, miche tutaikalisha wapi? Kichwani?"

Nilimpenda. Lakini hajafika hata barabarani, simu ya fundi ikalia.

"Na huyo siyo."

Safari hii sikuitazama simu. Nilitazama mkono wake wa kushoto, ukitoka taratibu kwenye mfuko wa koti. Mimi nafanya kazi kwa dobi. Kabla nguo haijaingia kwenye maji, lazima niipekue mifuko. Mfuko wenye kitu naujua kwa jinsi unavyoning'inia, na ule ulikuwa na kitu.

Asubuhi ya siku ya mgeni wa mwisho shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, huyo mtu anakuoa au amekuweka kabatini?"

"Bado anachagua, shangazi."

"Anachagua nyumba ya kutoa au anachagua visingizio? Leo mgeni akiondoka bila jibu, rudisha pete uje nyumbani. Nimemaliza."

Mgeni alikuwa Mama Mbwa. Watoto wa mtaani ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa anaokota mbwa na punda waliogongwa na magari. Alikuja na kitoto cha mbwa chenye bandeji mguuni. Nikakichukua, nikampa fundi.

"Kishike kwa mikono miwili. Kimevunjika."

Akakishika. Mikono yote miwili nikawa naiona.

Kile kitoto kikageuza kichwa kuelekea chumba cha kulala. Mlango ulikuwa wazi kidogo, ndani giza. Kikaanza kutikisa mkia.

"Kuna mtu chumbani?" Mama Mbwa aliuliza.

"Hakuna," fundi akajibu.

"Basi huyu anamfurahia nani?"

Simu ikatetemeka, lakini siyo ya fundi. Ilikuwa yangu. Namba ngeni.

"Chagua wewe, mdogo wangu."

Nikamwonyesha. Fundi akaisoma mara mbili.

"Hiyo namba yake," akasema. "Namba yako kaipata wapi?"

"Si wewe unayetuma?"

"Zile mbili ni mimi. Hii siyo mimi, wallahi."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wake wa koti, kama ninavyofanya kazini kila siku. Nikatoa kisimu kidogo cha vitufe. Kilikuwa kimezimwa. Nikafungua kifuniko chake cha nyuma. Hakikuwa na betri.

"Niliitoa asubuhi," akasema kwa sauti ya chini. "Niliona unautazama mfuko."

"Kwa nini ulinifanyia hivi?"

"Nikiitoa nyumba, ndiyo amekwisha kweli. Kila nikitaka kusema ndiyo, naona kama namzika tena."

"Na mimi naanza lini?"

Akainamisha kichwa juu ya kile kitoto cha mbwa. Alikuwa analia bila sauti.

Nikamgeukia Mama Mbwa.

"Mama, utanisamehe. Kuna watoto wa mafuriko wanalala kwenye sakafu ya darasa, na sisi tumewafukuza kwa meseji ya uongo. Nyumba nawapa wao."

"Usiniombe msamaha, binti. Wanyama wangu wana banda. Linavuja, lakini banda ni banda." Akamchukua mgonjwa wake. "Nyinyi malizaneni na huyo aliyemo chumbani."

Akaondoka. Fundi akatoa funguo, akaziweka kiganjani mwangu.

"Sisi tutakaa wapi?" akauliza.

"Nyuma ya duka. Kunatosha watu wawili. Wawili tu, umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Akasogea mpaka karibu na lile giza, akavua kofia.

"Mke wangu," akasema, "naoa. Humu wanakuja kulala watoto."

Tukangoja. Upepo haukuwepo. Mlango wa chumbani ukajifunga polepole, bila kishindo, kama unavyofungwa na mtu anayeogopa kuwaamsha waliolala.