Kiwavi wa Utepe Mwekundu

Kila alasiri baada ya shule, Kabibi alipitia kwenye maabara ya wadudu alikofanya kazi shangazi yake Mapenzi, nje kidogo ya mji wa Kilifi, akaketi kwenye stuli akingoja waende nyumbani. Tangu mama yake aende Uarabuni kutafuta riziki, naye aletwe mjini kutoka Jilore, hakuwa na wa kucheza naye. Wenzake walikuwa viwavijeshi, wale waharibifu wa mahindi, kila mmoja katika kikombe chake chenye kifuniko na utepe wa rangi.

"Shangazi, mbona hamuwaweki pamoja?"

"Watalana, mwanangu. Usiwafungue."

Shangazi alimweleza kuwa viwavi wote walilishwa virusi vinavyoua wadudu, visivyomdhuru mtu. Wa utepe mwekundu walipewa virusi kamili. Wa utepe wa kijani, virusi vilivyotolewa jeni moja.

"Jeni hiyo imo katika ukoo mzima wa virusi hivi. Nadhani bila hiyo haviwezi kuzaana."

Kisha akainamia kazi yake. Kabibi alimwita mara mbili, hakuitikiwa. Shangazi alipotoka kupokea simu, Kabibi alimtazama kiwavi mmoja wa utepe mwekundu akizunguka kikombeni, akizunguka tu. Akamhurumia. Akamhamishia kwa mwenzake wa kijani.

Siku chache baadaye, wa utepe mwekundu walikuwa wamekufa, wananing'inia, miili imelainika kama ute. Wa kijani walikuwa wazima, isipokuwa mmoja. Na kikombe kimoja cha utepe mwekundu kilikuwa kitupu.

"Huyu katoroka," alisema Rizwana, aliyefanya kazi na shangazi. "Na jeni yako imekuumbua, Mapenzi! Virusi visivyo nayo vimeua."

Shangazi hakucheka. "Basi nitaandika kwamba haina kazi."

Kabibi alikitazama kile kikombe kitupu. Akisema, huenda akarudishwa Jilore, kwenye nyumba iliyofungwa. Akinyamaza, shangazi ataandika uongo bila kujua.

"Shangazi... huenda aliyekufa ni wa utepe mwekundu. Nilimtia mimi humo, kwa wa kijani. Alikuwa peke yake."

"Basi mmoja kamla mwenzake, na virusi kamili ndivyo vilivyoua," Rizwana akasema taratibu.

Jaribio lilirudiwa, Kabibi akingoja kwenye stuli yake nje ya mlango. Safari hii wa kijani wote waliishi. Kweli, bila jeni ile virusi havikuzaana.

Shangazi alimfuata kibarazani. "Kosa likifichwa huzaana, mwanangu. Ulipolisema, umelikata uzazi. Lakini upweke nao usiufiche. Ungeniita."

"Nilikuita, shangazi. Hukusikia."

Shangazi aliingia ndani, akatoka na stuli ya pili, akaketi kando yake.

"Basi tumefunzwa sote," alisema. "Haya, niambie. Leo shuleni kulikuwaje?"