Siri Aliyoambiwa Tembo

"Mtalii ameingia. Kofia nyeupe, kamera shingoni. Walinzi wake wawili wako nyuma."

Sauti ya Mkuu wa Kitengo ilikuwa kavu kama kawaida yake. Ilitoka kwenye kidude kidogo kilichofichwa ndani ya sikio la Tisa.

"Nimemwona," Tisa akajibu.

Alimwona kwa mkonga. Kamera ilikuwa kwenye ncha ya mkonga, na picha ilimjia kwenye skrini ndogo mbele ya jicho lake la kushoto. Kwa nje alikuwa tembo wa bluu mwenye tumbo la sponji, masikio mapana na tabasamu la kushonwa. Kwa ndani alikuwa mwanamke mmoja aliyelowa jasho chapachapa, fulana ya kuzuia risasi kifuani, bastola ya Glock kiunoni.

Ilikuwa wiki ya likizo. Bustani ya michezo ilikuwa imefurika hadi pa kuweka mguu hapakuonekana. Foleni ya treni ya vishindo ilikuwa imejizungusha mpaka kwenye milango ya vyoo. Akina baba walibeba watoto mabegani na viatu vya watoto mikononi. Kila mara kipaza sauti kilitangaza mtoto aliyepotea, na kila mama aliyesikia aligeuka haraka kumtazama wake.

Mtalii hakuwa mtalii. Alikuwa mfanyabiashara wa silaha, na alikuwa amekuja kununua kitu kimoja kisichozidi ukubwa wa kiberiti cha gesi. Wenyewe walikiita Ufunguo. Kiliibwa kwenye kituo kikuu cha umeme. Mwenye nacho, akikichomeka kwenye kompyuta, angeweza kuzima taa za nchi nzima. Mpakani walinzi wangekuwa vipofu, na malori yake yangepita kama yanaingia uani kwao. Hospitalini mashine za wagonjwa zingezimika pia. Hilo halikumkosesha usingizi Mtalii.

Muuzaji hakujulikana. Mtoa habari alisema maneno machache tu: atakuja na mtoto, na mzigo utakuwa kwenye begi la mtoto.

"Watu wote hapa wamekuja na watoto," Tisa alinong'ona.

"Ndiyo maana wamepachagua," Mkuu akasema. "Usimguse mtu mpaka tumjue muuzaji."

Mtalii alisimama karibu na farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Akawasha sigara, akaambiwa haziruhusiwi, akaizima kwa adabu. Kisha akainua kofia kidogo, ishara ndogo mno kwa yeyote asiyeitafuta.

Tisa akaugeuza mkonga kufuata macho yake.

Begi jekundu. Gauni la njano. Mtoto wa kike wa miaka sita, ameshikwa mkono na baba yake, anaruka badala ya kutembea, anaongea bila kupumua.

Gauni lile Tisa alilijua.

Asubuhi ile, mlangoni, mume wake alikuwa amembusu shavuni. "Nampeleka Kasuku kwa bibi yake," alisema. "Wewe nenda kazini, usijali." Kasuku ndilo jina walilompa binti yao kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Wiki nzima mtoto alikuwa ameomba aletwe hapa. Wiki nzima Tisa alikuwa amesema kesho.

Mume wake aliamini kwamba mkewe anakagua ajali kwenye kampuni ya bima. Tisa naye aliamini mengi juu ya mumewe. Mume huyo alikuwa mhandisi kwenye kituo cha umeme, na Ufunguo ulipopotea, wahandisi wote walichunguzwa. Mkuu alipomuuliza, Tisa alicheka. "Yule anarudisha hata kalamu alizoazimwa," alisema. Wakaacha kumchunguza. Kwa neno lake yeye.

"Tisa," Mkuu akaita. "Mbona kimya? Begi jekundu. Unamjua huyo mwanamume?"



"Ni mume wangu."

 

"Toka hapo," Mkuu alisema, na sauti haikuwa kavu tena. "Nitamtuma mwingine."

"Mzigo uko mgongoni kwa mwanangu, Mkuu. Walinzi wa Mtalii wana silaha. Mkivamia, mtoto atakuwa katikati. Nani mwingine hapa anaweza kumkaribia mtoto bila mtu kushtuka?"

Mkuu akavuta pumzi. "Haya. Muuza Maputo yuko kushoto kwako. Mtu wetu."

"Nakuona, dada," ikaja sauti ya kijana. "Walinzi niachie mimi."

Tembo akaanza kutembea, akitikisa makalio, akipunga mikono. Watoto wakamshangilia. Hakuna aliyesikia kilichokuwa kinavunjika ndani.

Kasuku alimwona kwa mbali. Akachomoka mkononi mwa baba yake, akamkumbatia tembo kwenye goti.

"Shikamoo, Tembo."

Tembo akapiga goti. Sheria ya bustani ilikuwa kwamba wanyama hawasemi, na siku ile Tisa aliishukuru sheria hiyo, maana mtoto angeitambua sauti yake. Akamzungushia mtoto mikono yote miwili. Glavu ya kulia ilikuwa imechanwa kiganjani kwa makusudi. Vidole vikatoka, vikaifungua zipu ya begi taratibu.

"Tembo, wewe huwa unasema siri za watu?"

Tembo akatikisa kichwa.

Mtoto akasogeza mdomo kwenye sikio kubwa la kitambaa. "Leo tunapanda ndege. Mimi na baba. Mama hajui. Baba amesema tukimwambia atalia, halafu tutachelewa."

Vidole vya Tisa vikaganda kwenye kopo la penseli za rangi.

"Nimemwachia mdoli wangu kitandani," Kasuku akaendelea, "ili asilale peke yake."

Jikaze, Tisa akajiambia. Jikaze, mama.

Kopo likafunguka. Penseli, penseli, kifutio. Halafu chuma baridi. Akakivuta, akakiingiza ndani ya glavu, akafunga zipu.

"Tembo, sogea kidogo kulia," mumewe akasema. Alikuwa amesimama hatua chache mbele yao na simu yake ya Samsung, akitabasamu tabasamu lile lile la mlangoni. "Hapo hapo. Kasuku, cheka."

Akawapiga picha. Mke wake na binti yake, wamekumbatiana.

"Asante sana, Tembo," akasema kwa upole. Alikuwa mtu mpole siku zote. Hilo ndilo lililomuuma Tisa kupita yote.

"Ninao," alinong'ona alipogeuka.

"Waache wakabidhiane," Mkuu akasema. "Nawataka wote wawili."

Mume wake akamvua mtoto begi, akampandisha juu ya farasi mweupe, akamfunga mkanda na kuukagua tena. Muziki ukaanza. Farasi wakaanza kupanda na kushuka. Yeye akarudi kwenye uzio, akaweka begi miguuni. Mtalii akaja akasimama kando yake kama mzazi mwingine yeyote. Bahasha ikahama mfuko. Begi likahama mkono.

Mtalii hakuwa mjinga. Alichuchumaa pale pale, akafungua kopo.

Akainuka polepole. Kofia yake nyeupe ilikuwa mkononi sasa, na chini ya kofia kulikuwa na mdomo wa bastola ya Beretta.

"Uko wapi?"

"Umo humo." Mume wa Tisa alikuwa amekauka midomo. "Nimeuweka mwenyewe."

"Haumo. Mshushe mtoto. Labda yeye anajua."

"Mtoto hajui lolote."

"Mshushe."

Mumewe akasogea. Hakusogea kumfuata mtoto. Alisogea akasimama katikati ya bastola na farasi, tumbo lake likagusa kofia. "Nipige mimi," akasema. "Mtoto humgusi."

Tisa aliyasikia hayo akiwa tayari anakimbia.

"Sasa," akasema.

Muuza Maputo aliachia kamba. Maputo yote yakaruka, watu wote wakatazama juu, na kijana akamshusha mlinzi wa kwanza kwa kiwiko cha shingo. Wa pili aliingiza mkono kotini, akakuta bomba la gesi ya maputo linamngoja usoni.

Tembo akamvaa Mtalii kwa uzito wake wote.

Beretta ikalia. Risasi ikapita kwenye sponji, ikagota kwenye fulana. Ilimpiga kama teke la punda. Tisa hakusimama. Akaukamata mkono wenye bastola, akauzungusha hadi ukalia, akampiga kwa kichwa cha tembo kwenye pua. Mtalii akaanguka. Bastola ikateleza chini ya kiatu cha bluu.

Maputo mawili yakapasuka kwenye waya za taa. Watoto wakapiga makofi. Waliamini ni mchezo, na wazazi wao pia waliamini.

Kichwa cha tembo kilikuwa kimevunjika kishikizo. Kikabingiria chini.

Mumewe akamtazama. Akatazama mwili wa bluu, akatazama tena uso ule uliolowa, nywele zimeganda kwenye paji.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo bima..."

"Hakuna bima."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeishiwa. "Nilitaka tupate maisha mengine."

Tisa akachomoa bahasha ya Mtalii mfukoni mwa mumewe, akaifungua. "Tupate? Tiketi za ndege ni mbili."

 Mumewe aliangalia chini, na Tisa akajua kwamba jibu lolote ambalo angepewa, hata la uongo, angelishika. 

"Ulikuwa huna muda na sisi," mumewe akasema. Hakusema kwa hasira.

"Kweli. Sikuwa nao."

Nyuma yao farasi walizunguka. Kila farasi mweupe alipopita, mkono mdogo uliinuka.

"Mtoto asinione na pingu," mumewe akasema. "Nakuomba."

"Mpungie kwanza."

Akageuka. Farasi mweupe akaja, gauni la njano likipeperuka, na yeye akapunga mkono, akatabasamu vizuri sana, mpaka mtoto akapita. Hapo mabega yakamwanguka. Muuza Maputo akamshika kiwiko, akampitisha mlango wa mafundi nyuma ya mitambo. Watu wengine wa Kitengo, waliovaa sare za usafi, wakamzoa Mtalii na wenzake.

"Kazi nzuri, Tisa," Mkuu akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Pole, mwanangu."

Tisa akachomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Muziki ukakoma.

Kasuku alishuka peke yake. Akatafuta kwenye uzio, kushoto, kulia. Akaona mwili wa tembo na juu yake uso wa mama. Akasimama.

"Wewe ndiye tembo?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mtoto alifikiri. Tisa akaona wazo linavyopita usoni pake, na akatamani kulizuia kwa mikono.

"Baba yuko wapi?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amewadanganya wakubwa wa nchi tatu bila kupepesa jicho. Akapiga goti.

"Baba amefanya kosa kubwa. Amechukuliwa na watu wa serikali, na mimi ndiye niliyemkamata. Leo harudi nyumbani. Hata kesho."

"Ni kwa sababu nilikwambia siri."

"Hapana." Akamshika mashavu. "Nisikilize. Nilijua kabla hujanikumbatia. Wewe hujamfanyia baba lolote. Na mtu aliyetaka kukudhuru, baba alisimama mbele yake. Hilo pia ni kweli."

Kasuku hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Tisa akavua mwili wa tembo, akauacha juu ya uzio na tundu lake la risasi. Wakaanza kutembea kuelekea getini, wakipishana na watu wanaoingia wakicheka. Mtoto asiyenyamaza alinyamaza.

Karibu na geti akauliza, "Tungepanda ndege, ungetufuata?"

"Ningekufuata popote."

"Mimi na baba?"

 Ubavu ulimuuma mahali risasi ilipogota, na akashukuru kuwa na kitu cha kuumia kinachoonekana.

"Mama. Na baba?"

"Na baba," akasema. "Jana ningewafuata wote wawili."

Akanyoosha mgongo, akafuta uso kwa mkono, wakapita getini kama watu wengine waliochoka kutembea. Nje, dereva wa Kitengo alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Tisa akampungia aende. Wangetembea kwa miguu.