Nilitangaza Mke Wangu Amepona

"Toka kwangu! Toka sasa hivi, kabla sijasahau kwamba wewe ni mama mkwe wangu!"

Maneno hayo niliyatoa mimi. Kwa kinywa changu. Saa nne asubuhi, hapa Kitangari, majirani wamesimama wanatazama...

Mama mkwe wangu, Bibi Sabina, ndiyo kwanza alikuwa anatua ndoo ya maji kichwani. Alikuwa kwenye foleni ya bomba tangu alfajiri. Hata jasho hajafuta.

Mimi mkononi nina fundo la kitambaa. Ndani yake vidonge ishirini na sita.

Vidonge vya mke wangu!

Wadau, nawaomba msome hadi mwisho, maana kuna jambo niliwaambia mwezi wa nne mkanipongeza sana. Leo nalirudia kwa aibu.

Naitwa Yoeli. Ni bwana shamba hapa Newala, kazi yangu kuwafundisha wakulima wa korosho. Mke wangu ni Wilhelmina, Mama Careen, mzaliwa wa Lisekese kule Masasi. Ana saratani ya titi. Ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo.

Hospitali ya rufaa walimwanzishia vidonge vya kila siku. Daktari alisema vinalenga zile chembe za saratani zenye alama fulani. Akasema pia havimalizi ugonjwa, vinaushikilia usisonge mbele.

Hilo la mwisho nililisikia, nikaliacha pale pale hospitali.

Maana vidonge vilifanya kazi, jamani! Mwaka mmoja na miezi minne. Mtu aliyekuwa hawezi kuinama akawa anapalilia karanga. Mwezi wa nne nikampiga picha ameshika jembe anacheka, nikaiposti kwenye ukurasa huu huu.

"MKE WANGU AMEPONA!!!"

Mnakumbuka. Komenti zilijaa hadi nikashindwa kuzijibu. Nikatoa ushuhuda kanisani, nikaomba ibada ya shukrani, kwaya ikaanza mazoezi.

Na kila asubuhi kabla sijawasha pikipiki kwenda vijijini, namuuliza swali moja.

"Umemeza?"

"Tayari, Baba Careen."

Basi. Naondoka na amani yangu.

Siku hiyo nilikuwa natafuta chaja. Nikafungua begi la mama mkwe, aliyekuja kumuuguza mwanawe. Ndiyo, mkwe mwanaume nimefungua begi la mama mkwe wangu! Hiyo peke yake ingetosha kunifunga mdomo. Lakini nilipoona lile fundo, damu ikanipanda.

"Mama, hivi ni nini?"

Alijifuta jasho kwa kanga.

"Unamnyima mwanao dawa? Unampa nini badala yake? Mizizi?"

"Mkwe wangu, punguza sauti."

"Ndiyo maana siku hizi mgongo umerudi kumuuma! Unamuua mwanao mwenyewe!"

Alitupa jicho kwenye dirisha la chumba alicholala Wilhelmina. Akashusha pumzi.

"Basi... mimi ndiye mkosaji."

Alikubali! Mwenyewe! Mnataka ushahidi gani tena?

Nikalitupa begi lake nje. Nguo zikamwagika kwenye mchanga, na kitabu chake cha nyimbo. Aliokota kimoja kimoja, mtu wa miaka sitini na nane, na mimi nimeshika kiuno. Nikampungia Luka wa bodaboda.

"Mpeleke stendi."

Kabla hajapanda aligeuka.

"Hayo maji ni ya kuoga Mama Careen. Mchemshie."

Akaondoka.

Dakika chache baadaye Wilhelmina akatokea mlangoni, ameshikilia ukuta.

"Mama yuko wapi?"

"Nimemfukuza. Nimeokoa maisha yako!"

Nikamwonyesha vidonge. Aliviangalia, halafu akakaa pale pale kizingitini.

"Hivyo nilimpa mimi anifichie."

"Unasema?"

"Daktari aliniambia niviache, Baba Careen. Leo siku ya ishirini na sita."

Nikavihesabu tena, kimoja kimoja.

Siku ile ya kliniki alikwenda na mama yake. Mimi nilikuwa na semina ya wakulima. Aliporudi nilimuuliza, akanijibu "wameniona", nami sikuuliza zaidi. Kumbe picha zilionyesha uvimbe mpya kwenye ini.

"Kasema saratani imekuwa sugu. Dawa haiiwezi tena."

"Uliruka dozi?"

"Hata moja! Nilimuuliza nimekosea wapi, akasema sijakosea popote. Dawa iliua zile chembe zinazoisikia. Zilizobaki ndizo zilizobadilika, na hizo ndizo zinazozaana."

Akaniangalia.

"Nilimwelewa haraka, maana nimeshakusikia wewe. Si unawaambia wakulima kwamba ukipiga mikorosho dawa ile ile kila msimu, ubwiriunga unaizoea? Si unawaambia wasitafutane uchawi, wabadilishe dawa?"

Wadau... huo ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua ya mikorosho nimeufundisha miaka kumi na moja. Nimesimama mbele ya watu na chaki mkononi. Likaingia nyumbani kwangu jambo la namna ile ile, mimi nikatafuta mchawi, nikampata mama wa watu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Nilirudi jioni kutoka kliniki nikakuta kamati ya ibada imejaa sebuleni. Ukaniita: njoo Mama Careen, njoo wamwone mtu aliyepona! Nikawasalimia. Nikaenda kupika."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nguo aliyovaa.

"Kila asubuhi unauliza umemeza, nami nasema tayari. Kidonge tunakitoa, tunakitia kwenye kitambaa ili paketi ipungue. Mama hakutaka. Nilimwapisha."

"Na daktari alisemaje baada ya hapo?"

"Nirudi baada ya wiki mbili. Wachukue kinyama kidogo, wapime upya, wajue dawa gani itafaa."

"Ulikwenda?"

Akatikisa kichwa.

"Ndiyo siku uliyomleta Padri kupanga mambo ya ibada. Ukasema nisitoke, ataka kuniona."

Kwa hiyo aliyemchelewesha mke wangu kupata dawa nyingine hakuwa mama yake.

Alikuwa mimi!

Nilipiga simu hospitali pale pale. Wakatupangia Jumanne. Maji yale nikayachemsha, akaoga. Nikamwomba jirani yetu Stella akae naye, nikawasha pikipiki hadi Lisekese.

Nilimkuta Bibi Sabina uani anamenya muhogo. Nikapiga magoti kwenye maganda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?"

Afadhali angenipiga. Akanisogezea kigoda, sikuthubutu kukikalia.

"Mama, nisamehe. Kwa nini ulikubali kosa lisilo lako?"

"Mwanangu alikuwa ndani. Ningesema ukweli pale nje, majirani wangeujua kabla yeye hajakwambia."

"Ungeniita pembeni basi, ukaniambia mimi tu."

Aliacha kumenya. Akautazama mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeshika simu. Nimepiga magoti, naomba radhi, na simu iko mkononi...

"Baba Careen, ningekwambia wewe, ungemkimbilia nani kwanza? Mke wako, au hiyo?"

Nikaitia simu mfukoni.

Nilirudi naye Kitangari. Wale wale majirani walioshuhudia niliwaita, nikasema mbele yao kwamba Mama hana kosa, mkosaji ni mimi. Mmoja alicheka. Acha acheke.

Jumapili nilisimama kanisani. Watu walidhani nimekuja na ushuhuda mwingine. Nikasema: mke wangu hajapona, niliwadanganya, na yeye nikamfungia ndani ya uongo wangu. Kwaya ilikuwa imeshavaa sare mpya. Natamani niwaambie nilijisikia mwepesi, lakini hapana. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Jumanne tulikwenda watatu. Wakachukua kinyama, wakapima, wakakuta saratani imebadilika kweli. Ameanzishiwa dawa nyingine, ya sindano. Hii ni wiki ya tatu. Daktari amesema inaweza kuushika ugonjwa, inaweza isiushike, tutajua kwenye picha zijazo. Nilimuuliza kama zile siku nilizompotezea zimeleta madhara. Akasema hawezi kujua.

Nitaishi na jibu hilo.

Nilitaka kuifuta ile posti ya mwezi wa nne. Wilhelmina akanikataza.

"Ukiifuta utakuwa umeficha tena. Andika ukweli juu yake."

Ndiyo hii. Ameisoma kabla yenu. Amekata sehemu mbili nilizokuwa najililia mwenyewe, akasema watu hawajaja kunipa pole mimi.

Somo langu ni fupi. Ugonjwa wa mtu si habari yako ya kutangaza, hata kama ni mkeo, hata kama unamshangilia. Ukishamtangaza amepona, siku akizidiwa atamwambia nani?

Mwisho ameomba kuandika mwenyewe. Nampa simu.

"Mimi ni Mama Careen. Sijapona, natibiwa. Mkinikuta njiani niulizeni nimeamkaje. Nitawajibu kweli. Na Mama yangu bado yuko hapa, leo maji kachota Baba Careen."